Chaja ya Laptopu

Studioni kwake, Shamte alisimamisha kurekodi tena. "Sikieni wenyewe," akasema, akafungulia spika. Chini ya sauti ya Mwanahawa akiimba kaswida kulikuwa na mngurumo, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

"Si hiyo mikisa yako ya kuchanganyia sauti?" aliuliza Mwajabu, mama yake Mwanahawa, aliyekaa kigodani karibu na mlango.

"Mikisa ni nzima, mama. Watu wakizidi chumbani, mashine zinasumbuka. Hebu kaa nje, nimalizane na mtoto."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayenguruma?"

Mwanahawa akacheka. "Nenda tu, mama. Utaniharibia kaswida yangu."

Mwajabu akatoka, na Shamte akafunga mlango. Lakini pazia la dirisha lilikuwa fupi. Chini yake Mwajabu alimwona Shamte akiinama, akichomoa chaja ya laptopu ukutani. Papo hapo mngurumo wa spikani ukakatika.

"Umeona?" Shamte akamwambia binti. "Ni mama yako."

Mwajabu akasukuma mlango, akauacha wazi. Akaiokota chaja, akaketi, akaipakata.

"Imba, mwanangu. Mimi nipo, na kelele haipo."

"Laptopu itazima, mama," akasema Shamte.

"Ikizima, tutakwenda kwetu."

Mwanahawa akaanza kuimba. Hakuwa akicheka tena. Alikuwa akiutazama waya mweusi, mama yake akiuzungusha kiganjani. Uani jogoo akawika kwa nguvu, sauti yake ikaingia nzimanzima kwenye kaswida.

Shamte hakusimamisha kurekodi.