Nyumba Inayovuja

Kabla maduka hayajafunguliwa vizuri, wauza dhahabu wa Karachi walikuwa wameshajua jambo ambalo Gavana wa Benki Kuu, Tufail Rizvi, hakumwambia hata mkewe. Bei ilikuwa ikipaa tangu alfajiri. Benki ilipokuja kutangaza mchana kwamba thamani ya rupia imeshushwa, wajanja walikuwa wameshavuna na kwenda zao.

Ilikuwa mara ya tatu. Waziri alipiga simu mwenyewe.

"Gavana, siku hizi siri za serikali zinauzwa pamoja na chai?"

"Namtafuta anayezitoa, Mheshimiwa."

"Mtafute leo. Usiponiletea jina lake, nitaandika lako."

Rizvi aliweka simu chini. Kazi aliianzia chumba cha chini, akichambua noti chakavu za kuchomwa moto, na kilichompandisha mpaka kiti cha juu ni kwamba alijua kunyamaza. Hata habari za uteuzi wake mkewe, Begum Nafisa, alizisikia redioni kama watu wengine, akanuna wiki nzima. Leo aambiwe hana kifua? Hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa kazi.

Safari hii hakuandika chochote popote. Kila kitu alikibeba kichwani. Manaibu wake aliwaita asubuhi ile ile ya kutangaza, simu zao zikiwa zimekusanywa mlangoni. Waziri naye alijua, lakini nani wa kumshuku Waziri? Akabaki Inayat, dereva wake tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Ndani ya gari ndimo Rizvi alimozungumzia na wakubwa, na Inayat alikuwa na mpwa kwenye soko la dhahabu.

Alimkuta uani, anafagia mavi ya mbuzi chini ya mpera. Kabla ya kila uamuzi mzito Gavana alitoa sadaka ya mbuzi mweusi, kama mama yake alivyomfunza: unaweka kiganja juu ya kichwa cha mnyama, balaa lote limwendee yeye, kisha nyama wanagawiwa maskini, hata kipande kisiingie jikoni kwako. Kumnunua na kumpeleka kwa mchinjaji ilikuwa kazi ya Inayat, na wa safari hii alikuwa ameshapelekwa jana.

"Mpwa wako hajambo?"

"Hajambo, Sahab. Bado anafagia lile duka."

"Huwa humwambii ninayozungumza garini?"

Inayat aliegemeza ufagio kwenye mti. "Sahab, nimeanza kukuendesha mwanao Mehru akiwa bado tumboni mwa mama yake. Hesabu zenu zinaingia sikio hili zinatokea lile. Nimwambie nini?"

"Lete ufunguo."

Mzee wa watu hakubisha. Aliutoa ufunguo kwa mikono miwili, akavua kofia ya kazi, akatoka getini kwa miguu. Ng'ambo ya barabara, vijana wawili waliokuwa wakishinda kwenye kibanda cha chai walimtazama mara moja, kisha wakarudia vikombe vyao. Rizvi aliwajua kwa sura. Ni askari kanzu wa kumlinda, ndivyo alivyokuwa akijiambia siku zote.

Waziri alipewa jina, akaridhika. Jioni ile ile polisi walimchukua Inayat nyumbani kwake, mbele ya wajukuu.

Siku ya pili yake Begum Nafisa aligoma kula.

"Baba Mehru, umemdhulumu mzee yule."

"Una ushahidi?"

"Wewe unao?"

Rizvi alikata kipande cha chapati, akakirudisha kwenye sahani. Hakuwa nao. Usiku kucha alikuwa ameikumbuka ile mikono miwili.

"Basi angalau toa sadaka," mkewe alisema, "kabla machozi yake hayajatufikia humu ndani."

Alasiri mpishi akaleta mbuzi mweusi kwa bajaji, akamshusha getini na kumburuta mpaka chini ya mpera. Gavana akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Kwa mara ya kwanza hakuomba kuhusu rupia. Alitaka kuomba kwamba asiwe amekosea, halafu akawaza maana yake ni kuomba Inayat awe mwizi, akaondoa mkono.

Asubuhi simu ya Waziri ilimkuta bado yuko msikitini. Alipotoka, ikalia tena.

"Dhahabu imeruka, na watu wanapigania dola kama maji. Unashusha rupia tena bila kuniambia?"

"Sishushi chochote, Mheshimiwa. Hakuna uamuzi wowote. Hata kuuwaza sijauwaza."

"Sasa soko limeambiwa nini? Na nani? Dereva wako si yuko ndani?"

Inayat alikuwa amelala rumande usiku wa pili, na safari hii siri yenyewe ya kuuza haikuwepo. Rizvi alirudi nyumbani mbio mbio, kanzu imemganda mwilini kwa jasho. Ng'ambo ya barabara kibanda cha chai kilikuwa kitupu. Akasimama mbele ya Gul Zaman, mlinzi wa geti.

"Jana nani aliingia humu?"

"Hakuingia mtu, Sahab. Mpishi tu na yule mbuzi."

"Na wale askari kanzu wako wapi?"

"Askari gani, Sahab? Wale ni vijana wa soko la dhahabu. Walipomwona mbuzi mweusi anashushwa walikimbia kama kawaida yao, ila jana hata chai hawakuilipia."