Kibali cha Kugonga Mdomo

Ndege korongo walijenga viota bwawani, katikati ya nchi ya Dubu na ya Mbwamwitu, mahali ambapo hata mimi, niliyetangatanga miji mingi, nisingetua mzigo. Kinga yao ilikuwa moja: amwonaye adui agonge mdomo, ka-ka-ka, na wote waitikie. Kelele ile ilimfanya hata Dubu arudi kwake.

Waliowafundisha ni wawili, Domorefu na rafiki yake Gurefu. Domorefu akafanywa mkuu wa bwawa, na ukuu ukamnogea. Kelele zikaanza kumkera.

"Kuanzia leo hagongi mtu bila kibali changu," akatangaza.

"Ndugu yangu, na Dubu ataomba kibali?" Gurefu akauliza.

Kwa swali hilo akafukuzwa.

Miaka ikapita kimya, makinda yakawa wazee wa viota bila kuwahi kusikia ka-ka-ka. Asubuhi moja Dubu akaingia majini taratibu.

"Msisumbuke, jamani. Nimekuja kuwalinda."

Domorefu akagonga mdomo kwa nguvu zake zote. Korongo wakamtazama kwa heshima.

"Shikamoo mzee," akasema mmoja. "Unatafuna nini?"

Dubu akaanza na mayai.

Domorefu, mabawa yamechoka kwa uzee, akavuka kijito kwa miguu, akatoroka, hadi akamkuta Gurefu juu ya paa la ugenini.

"Tugonge, huenda wakasikia," akamsihi.

"Kibali ninacho?"

"Gonga tu, ndugu yangu."

Wakagonga pamoja, wameelekea bwawani. Kisha wakanyamaza, wakisubiri kuitikiwa. Wangali wanasubiri.