Maji ya Kisima Kimoja

Jumanne, tarehe 15 Julai 2003. Asubuhi hiyo Sumbawanga kulikuwa na baridi kali na upepo wa vumbi. Kija alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mtaa wa Chanji, mdomo wazi.

"Hii ndiyo mara ya mwisho," alisema Daktari Gaudensi, akimfuta dawa. "Ile dawa ya kung'arisha niliyokupa ya nyumbani uliitumia?"

"Kila siku, na kile kifuniko chake cha plastiki cha kuvalisha meno. Hata nikichunga ng'ombe."

"Inaonekana. Dawa yangu peke yake isingeyaweza meno haya. Rangi inayoachwa na maji ya visima vyenu vya Shinyanga ni kaidi. Haya, cheka."

Kija alijitazama kwenye kioo. Hakucheka.

"Bwana harusi gani huyu asiyecheka!" daktari alitania.

"Si harusi, daktari. Leo natoa ushahidi mahakamani. Kaka yangu Limbu anashtakiwa kwa wizi. Msukuma mwenye meno ya kutu, nani atamwamini?"

"Kweli. Akitoka, mlete naye nimsafishe."

"Akitoka," alisema Kija.

Nje mama yake, Kabula, alimsubiri na rozari mkononi. Alimshika kidevu, akamtazama.

"Umekuwa kama mtu wa ofisini. Mwanangu, kaka yako hana mwingine ila Mungu na wewe."

Mahakamani, Limbu alisimama kizimbani, amekonda. Mama Cornelia, mwenye duka lililoibiwa mtaa wa Mazwi, alieleza kwamba mwizi alivaa kofia iliyoziba uso wote isipokuwa mdomo.

"Alisema kwa upole, 'Mama, usipige kelele.' Sura sikuiona, mheshimiwa. Niliona meno. Ya kahawia, kama ya huyu."

"Mheshimiwa, kwetu sote tuko hivi!" Limbu alipaza sauti. "Tulikunywa kisima kimoja! Mwiteni mdogo wangu, mmwangalie!"

Kija akaitwa kutoka nje. Alipanda mbele, akainua Biblia, akamtabasamia hakimu. Meno yaling'aa kama maziwa. Limbu akabaki mdomo wazi.

"Mimi, Kija," alianza kwa upole, "naapa mbele ya Mungu..."

Mama Cornelia alishtuka kusikia sauti hiyo, akageuka ghafla. Akamtazama mdomoni. Kisha akashusha pumzi, akatulia.

"...kwamba nitakayoyasema yatakuwa kweli, kweli tupu. Ee Mungu, nisaidie."