Sauti ya Mwalimu Nzaro

Kompyuta iliyomsomea Mwalimu Nzaro maandishi kwa sauti ilikuwa bubu kwa siku ya tatu. Fundi Shekue ndiye aliyeiharibu: aliweka vidhibiti viwili vya vifurushi, zile programu za kuletea na kusasisha programu nyingine, na kila kimoja kikafuta kilicholetwa na mwenzake. Sasa ilibidi abakize kimoja.

"Cha zamani kitakurudishia sauti yako ileile," alisema, akisugua macho. "Ila waliokuwa wakikitunza wameacha. Ikiharibika tena, mwalimu, hakuna wa kuitengeneza. Kipya kinapata marekebisho kila wiki, lakini kina sauti nyingine. Ya mwanamke, laini."

Mwalimu, asiyeona tangu utotoni, alicheka bila nguvu. "Laini! Yangu inakwaruza kama mashine ya kusaga, lakini nimejifunza kuisikiliza kwa kasi ambayo nyinyi wenye macho hamuiwezi. Insha arobaini asubuhi moja. Huyo wako atanisomea ngapi?"

"Kumi, mwanzoni. Utamzoea."

"Nina miaka sitini na moja, mwanangu. Kuzoea ndiko kulikonichosha."

Shekue aliinamia kibodi. Aliandika amri, akaifuta, akaandika nyingine.

"Umeandika ipi?"

"Ya kuondoa cha zamani. Bonyeza mwenyewe, mwalimu. Mimi siwezi."

Kidole cha mzee kilitambaa juu ya vibonye hadi kikakifikia kile kikubwa cha kulia, cha kutekeleza amri, kikatulia hapo bila kubonyeza. Kwa mkono wa pili aliivuta spika iliyokuwa kimya, akaibandika sikioni, kana kwamba sauti yake ya zamani ingali humo.