Ute wa Furaha

Chubwi, chubwi. Kwenye ndoo bafuni, jongoo bahari alikuwa akijigeuza. Watafiti waligundua kuwa ute wake huondoa huzuni, na sheria ikakataza mfiwa kulia zaidi ya siku saba; baada ya hapo kila mfiwa huletewa ndoo yake.

Mwanasiti alimkuta mama mkwe amemlaza mdudu huyo kifuani, ute ukimchuruzika hadi kitovuni, naye anacheka.

“Njoo nawe, mwanangu, uache kununa!” Kisha mama akaitazama picha ukutani. “Kijana mzuri huyu. Mtoto wa nani?”

“Wako, mama. Ni Shee, mume wangu. Tulimzika Ijumaa iliyopita.”

“Mie sina mtoto.”

Mlangoni, ndoo ya pili, iliyoandikwa jina la Mwanasiti, ikabubujika. Akamfuta mkwewe kifua kwa kanga.

“Nitakwambia jina lake kila asubuhi, mama. Wallahi nitakwambia.”