Doa Lililotangulia

"Kwani Delbert, uliona nini hasa kwenye hiyo darubini yako?"

Hilo ndilo swali Royce Tiller alilomuuliza jirani yake, akiwa bado kitandani hospitalini, paja limefungwa bandeji hadi kiunoni. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa sauti ya chini, macho yake hayabanduki usoni kwa Delbert.

Delbert Janda alisema ukweli. Kwenye darubini ya bunduki yake, ile inayoonyesha joto la mwili gizani, aliona madoa meupe yakitembea shambani kwake usiku, kundi zima la nguruwe pori, akalenga lile kubwa lililotangulia, akafyatua; kumbe lilikuwa Royce.

Royce akashusha pumzi. "Basi nimekusamehe. Nilikuwa nimepiga magoti shambani kwako, natafuta nyayo za ndama wangu. Jambo hili tusilizungumze tena."

Askari walipokuja aliwaambia hivyohivyo, ajali, funga faili. Kanisani watu walisimama wakampigia makofi. Mchungaji alisema moyo kama ule hajauona Texas nzima.

Delbert hakupiga makofi. Tangu siku hiyo, sahani ya Meza ya Bwana ikimfikia, alikuwa akimpitishia mkewe bila kugusa mkate. Alilima shamba la Royce kabla ya lake. Alimkatia nyasi, akamtengenezea paa. Kila Jumamosi mkewe alipeleka pai ya njugu, na kila Jumamosi Royce aliipokea akichechemea na fimbo yake, akisema, "Jamani, mnanitia aibu."

Bunduki Delbert hakuishika tena. Na nguruwe ni kama walijua. Miezi miwili ile Royce alipokuwa amelala hospitalini hawakuonekana, Delbert akadhani Mungu amemhurumia. Kisha wakarudi. Walivuka shamba la Royce bila kung'oa shina, wakaja kufukua karanga zake mstari kwa mstari. Aliona ni adhabu yake, akanyamaza.

Mkewe ndiye hakunyamaza. "Msimu huu wakila tena, shamba la babu yako limekwenda. Ama ushike bunduki, ama tukaishi kwa dada yangu mjini, ukamsikilize anavyokoroma."

Ndiyo maana sasa alikuwa amesimama kwenye duka la silaha, mji wa mbali ambako hakuna anayemjua, darubini tatu zimepangwa mbele yake juu ya kaunta. Royce alikuwa kando yake. Aliposikia safari hiyo alisisitiza kuja. "Siwezi kukuacha peke yako na jambo hili, ndugu yangu," alisema.

Mwenye duka, mama mmoja mnene aitwaye Nelda, miwani imening'inia kifuani, alimpa Delbert ya kwanza. "Tazama nje, baba. Yule mbwa pale kwenye maegesho."

Delbert alitazama. Doa jeupe, lenye miguu kidogo.

"Hii inatosha," Royce akasema haraka. "Nyepesi, na bei yake ya kikristo."

"Haionyeshi sura."

"Sura ya nini? Unataka kumpiga nguruwe picha ya pasipoti?"

Nelda akacheka hadi miwani ikaruka. Delbert hakucheka. Alichukua ya tatu, ile kubwa, akaielekeza dirishani. Mama mmoja alikuwa akipakia mifuko garini. Aliona pua yake. Aliona vidole vyake, kimoja kimoja, na pete iliyokuwa baridi kuliko kidole.

"Hii," alisema. "Ningekuwa na hii, Royce, usingekuwa na hiyo fimbo."

"Achana na hayo."

"Nisingekupiga. Ningekuona umepiga magoti, ningeona mikono yako."

"Delbert, nimekwambia achana nayo!" Royce alifuta jasho shingoni, ingawa feni ilikuwa inawapuliza wote. "Chukua hiyo ndogo twende zetu. Nguruwe hana vidole."

Nelda aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alinyoosha mkono. "Hiyo ya zamani ulisema unataka kuibadilisha? Nipe niikague, nikupunguzie bei."

Delbert aliitoa kwenye mfuko wa kitambaa. Aliinunua mnadani, imekwisha kutumika, na tangu usiku ule ilikuwa kabatini chini ya mablanketi. Aliiweka kaunta kama anayeweka kitu kilichokufa.

Nelda alichomeka waya. "Ngoja nikufutie picha zako kwanza. Watu wanasahau, halafu wananilaumu."

"Picha gani?"

"We baba! Hizi zinajirekodi. Bunduki ikilia tu, yenyewe inahifadhi dakika iliyotangulia. Hukuambiwa?"

"Futa," Royce akasema. "Futa tu, mama, usiifungue. Hatutaki kuona."

Lakini Delbert alikwisha kuinua macho. Mwaka mzima alikuwa amekimbia usiku ule, akaona heri autazame mara moja, aone alichomfanyia mwenzake, kisha aombe nguvu. "Iweke, mama," alisema.

Runinga ya ukutani ikawaka. Matuta yale aliyajua, yalikuwa ya karanga zake, zilizopandwa wiki ile. Kwenye kioo kidogo cha bunduki lilikuwa doa jeupe. Ukutani, likiwa limekuzwa, doa lilikuwa mtu. Alisogea kwa magoti, taratibu, akiburuta ndoo. Mkono uliingia ndooni, ukatoka, ukamwaga kushoto. Ukaingia, ukatoka, ukamwaga kulia. Nyuma yake, tangu kwenye uzio wa Royce, nguruwe walikuja kwa mstari, vichwa chini, wakila.

Nelda alivaa miwani yake. "Mungu wangu," alisema. "Huyo anayewalisha ni nani?"

Royce alichukua kofia yake pale kaunta, akatoka nje akichechemea.