Kifungua Kinywa cha Papa Léonard

Bupe alimvunjia Papa Léonard yai la pili kwenye kisahani, akalitia sosi ya soya na pilipili manga nyeupe, akamsogezea. Alitaka ale ashibe kwanza. Mtu mwenye njaa hasikii vizuri.

"Aksanti, mama," mzee alisema. "Uko na roho nzuri."

Mkahawa wa Anko Koh, pale Greyville, Durban, ulikuwa na meza sita za marumaru na harufu ya mkate unaochomwa kwa makaa. Anko Koh alikuwa Mchina wa Malaysia, na kifungua kinywa chake hakikubadilika tangu afungue: mayai yaliyochemshwa kidogo tu, mkate wenye jemu ya nazi na kipande kinene cha siagi, na kahawa nyeusi iliyochujwa kwa mfuko wa kitambaa, ikamiminwa juu ya maziwa mazito ya kopo. Saa moja na nusu asubuhi palijaa madereva wa teksi. Bupe alikuwa amechagua meza ya pembeni, na kumkalisha mzee akiupa mlango mgongo.

"Tulisha kuonana wapi, mama?" mzee aliuliza, akifuta kiini cha yai mdomoni.

"Mimi ni mke wa Japhet. Japhet wa kiwanda cha magodoro, kule Jacobs."

Uso wa mzee ukachangamka. "Japhet! Ule Mtanzania wa kucheka sana! Iko wapi? Mwambie akuje tukunywe kahawa."

Bupe aliuma meno. Ndivyo alivyouliza, bila soni, kama mtu anayeulizia habari za jirani.

Anko Koh alileta boksi la tishu, akaliweka katikati ya meza bila kuagizwa. "Mama Bupe," alisema kwa sauti ya chini, "leo mwache anywe kahawa tu."

"Rudi jikoni, Anko."

Miaka tisa ilikuwa imepita. Japhet alikuwa mshonaji wa magodoro, na Léonard msimamizi wake. Walikuwa marafiki pia. Mchana walikula sahani moja. Lakini Léonard ndiye aliyeufunga mlango wa nyuma kwa kufuli kila siku, ili watu wasitoke kuvuta sigara. Jumanne moja asubuhi moto ukashika sponji. Msimamizi alikuwa mbele, karibu na geti. Alikimbia na ufunguo mfukoni. Watu wanne hawakutoka.

Mbele ya tume ya uchunguzi, Léonard aliweka mkono juu ya Biblia akaapa kwamba mlango ule ulikuwa wazi. Wakamwamini. Yeye akahamia Cape Town, na Bupe akakabidhiwa saa ya mkononi ya mumewe, kioo kimeyeyuka, ndani ya mfuko wa plastiki. Alipopata habari kwamba mzee amerudi Durban, hakwenda polisi. Polisi walishasikia yote. Sasa alitaka asikie Léonard mwenyewe.

"Papa Léonard," alisema, "Japhet amekufa."

Kijiko kikasimama hewani. "Eeh? Lini?"

"Siku ya moto. Alinipigia simu akiwa kwenye mlango wa nyuma. Unataka kujua aliniambia nini?"

Mzee alitikisa kichwa, hakutaka. Bupe akamwambia hata hivyo, neno kwa neno, bila kupandisha sauti.

"Alisema, 'Mlango umefungwa, Bupe. Lakini usihofu, Léonard ana ufunguo. Léonard anakuja.' Alilisema hilo mara tatu. Léonard anakuja. Halafu akaanza kukohoa."

"Hapana," mzee alinong'ona. "Ule mlango…"

Mkono wake ulishuka wenyewe kwenye mfuko wa koti, ukapapasa, ukapekua, ukatoka mtupu.

"Mi ndiyo nilikuwa nayo," alisema. "Ufunguo. Ilikuwa kwangu."

"Ndiyo. Ulikuwa kwako."

"Na Japhet alikuwa ananingojea?"

"Alikungojea mpaka mwisho."

Mzee alilia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani maiti inapotolewa ndani, mpaka madereva wakageuka kutazama, kisha wakainamia vikombe vyao. Bupe hakupepesa jicho. Aliinywa kahawa yake taratibu, mpaka yale maziwa mazito ya chini, na kila funda lilishuka tamu. Hakuna mahakama ambayo ingempa haya.

Saa mbili juu ya alama, Yvette aliingia haraka haraka. Alikuwa binti wa mzee, aliyekuja kutoka Bukavu mwaka juzi kumtunza, na alikuwa na saluni mtaa wa pili. Alichomoa tishu mbili, akamfuta baba yake machozi na kamasi.

"Pole, Tantine, amekusumbua tena? Tukifika nyumbani analala kidogo, akiamka hakumbuki hata kama alitoka. Daktari anasema kichwa yake haishike tena kitu. Ila hii hadithi ya ufunguo, kila asubuhi nikikuja kumchukua ninamkuta iko nayo, analia kama ameisikia leo. Sijui anaitoa wapi. Mungu akubariki kwa kukaa naye."

"Ni ugonjwa, mwanangu," Bupe alisema, akimfunga mzee vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Kesho mlete mapema kidogo."